Nyuma ya picha pameandikwa "saa 4"

Picha yenyewe ni ya kawaida. Mchanga mweupe unakwenda mbali hadi kwenye mstari wa povu, ngalawa mbili zimekaa pakavu, vijiti vya mwani vimesimama safu kwa safu, na mtu mmoja kasimama katikati, sura yake imekuwa nyeusi kwa sababu jua liko mgongoni. Imesafishwa studio, na nyuma yake kuna maandishi ya kalamu: "Jambiani, 11 Juni, saa 4". Jambiani ni kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja. Mwaka haukuandikwa. Waliokuwa safarini wanabishana. Mmoja anashikilia ilikuwa asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mwingine anaapa ilikuwa jioni, saa 4 ile ya kwenye simu, maana ndiyo kwanza walikuwa wametoka kula. Wote wawili wanakumbuka vizuri, na harufu ya samaki wanaikumbuka, lakini mmoja kakosea.

Ubishi wa namna hii unaweza kumalizwa na picha yenyewe. Pwani yetu ina saa tatu zinazokwenda kwa pamoja, nazo ni maji, jua na upepo, na picha iliyopigwa nje huzinasa zote hata kama mpigaji hakukusudia.

Maji yana ratiba yake

Maji hujaa mara mbili na hupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kujaa tena ni saa 12 na dakika 25 hivi, ndiyo maana kila siku yanachelewa kwa wastani wa dakika 50 kuliko jana. Lakini kina chake hakilingani kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mwezi na jua huvuta kwenye mstari mmoja, na siku moja au mbili baadaye bamvua inakuwa kamili: maji yanapanda juu sana na kupwa chini sana. Unguja, bamvua kubwa huwa na tofauti inayokaribia mita 4 kati ya kujaa na kupwa. Mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi vinavuta pande tofauti, na hapo ndipo maji mafu, tofauti ya mita 1 hivi, na ufukwe unabaki na sura moja kutwa.

Fundo lenyewe liko hapa. Bamvua haiji saa yoyote tu. Kwa kuwa mwezi mwandamo na mwezi mpevu kila mara hukaa kwenye mstari na jua, bamvua ya mahali pamoja hurudi saa zile zile, Januari hadi Desemba. Kwa Unguja na Dar es Salaam, siku za bamvua maji hujaa kiasi cha saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kiasi cha saa nne asubuhi na saa nne usiku. Siku moja mbili mbele kupwa kunasogea kuelekea saa tano. Maji mafu ni kinyume chake: kujaa kwake ni kiasi cha saa nne, kupwa kwake kiasi cha saa kumi. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani wanapanga kazi zao zote kwa ratiba hii. Wanashuka pwani asubuhi za bamvua, kisha siku za maji mafu wanabaki na kazi za nyumbani, maana mashamba yanakuwa chini ya maji.

Basi turudi kwenye maandishi ya kalamu. Mchanga mkavu hadi karibu na mwamba, vijiti vya mwani viko wazi toka mzizi hadi ncha, hiyo ni bamvua iliyokupwa. Mchana kweupe, bamvua hupwa mara moja tu, asubuhi. Saa 4 ya kwenye simu, yaani saa kumi jioni, siku hiyo hiyo pale aliposimama yule bwana pangekuwa na maji ya kumfunika. Kwa hiyo ni saa nne asubuhi, na aliyeapa jioni kachanganya siku mbili za safari.

Kuna alama nyingine ndogo kwenye mchanga ambayo watu huipita. Tazama pale maji yanapogusana na nchi kavu. Ukiona juu ya ukingo wa maji kuna mkanda mpana wa mchanga ulioloa, unaong'aa, maji yanatoka. Ukiona mchanga mkavu, wenye rangi nyepesi, unakutana na maji moja kwa moja, au umeachana nayo kwa hatua moja mbili tu, maji yanaingia. Vidonge vidogo vya mchanga ambavyo kaa huvitoa mashimoni mwao husaidia pia: vikiwa vingi na vizima, pale pamekuwa pakavu kwa muda, kwa sababu wimbi la kwanza tu linavifuta.

Kwa Waislamu wa pwani kuna njia ya mkato, kwani tarehe za Kiislamu ndizo siku za mwezi. Tarehe mosi hadi 4, na tena 15 hadi 18, ni bamvua. Kuanzia tarehe 8 hadi 11, na 22 hadi 25, ni maji mafu. Idd el-Fitr ni Mosi Shawwal, kwa hiyo kila mwaka, iwe imeangukia Juni au Desemba, ni bamvua, na Forodhani, ufukweni mwa Mji Mkongwe wa Unguja, maji yanajaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, wakati ule ule watoto wanapofika na nguo za sikukuu na vijana wanapojirusha ukutani. Picha ya vijana wanaoruka Forodhani jua likiwa bado juu kidogo inakubaliana na Idd hiyo. Idd el-Hajj ni tarehe 10, maji ni mafu au ndiyo yanaanza kutoka kwenye umafu, na kujaa kwake ni adhuhuri au baadaye kidogo. Mtu akikuletea picha ya pwani iliyokauka kabisa akakwambia ni ya Idd kubwa, muulize tena.

Tahadhari mbili. Ufukwe wa mashariki ya Unguja ni bapa na una mwamba mbele yake. Maji ya ndani ya mwamba huchelewa kidogo kutoka, kwa hiyo usidai usahihi wa dakika. Nungwi na Kendwa, kaskazini ya kisiwa, ufukwe unateremka haraka, bamvua ile ile inaonyesha mchanga kidogo tu, na hapo utasoma mawe na nguzo badala ya mchanga: mstari wa giza wa maji uko wapi, chaza wameanzia wapi.

Kivuli kinataja mwezi

Unguja iko nyuzi 6 na ushei kusini mwa ikweta. Jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 5 Machi na tarehe 8 Oktoba. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la mchana liko upande wa kusini na vivuli vinaelekea kaskazini. Miezi iliyobaki ni kinyume. Mombasa tarehe hizo ni karibu 10 Machi na 3 Oktoba, Lamu karibu 15 Machi na 29 Septemba. Ndugu walioko Maskati, Oman, hali yao ni nyingine: kule kivuli cha adhuhuri hakielekei kusini mwaka mzima, na mwishoni mwa Juni karibu kinatoweka. Picha ya adhuhuri yenye kivuli cha kusini haikupigwa Maskati, hata bahari ifanane vipi.

Urefu wa kivuli nao unapimika kwa rula juu ya picha, alimradi mtu na kivuli chake vyote vinaonekana na mpigaji hakusimama juu sana. Adhuhuri ya jua, ambayo Unguja mwezi Juni ni saa sita na dakika 25 hivi, mtu wa sentimita 170 ana kivuli cha sentimita 97. Desemba kivuli chake ni sentimita 53. Saa nne kamili asubuhi ya Juni kivuli kinalingana na kimo cha mtu. Saa tano kasorobo kimeshapungua hadi sehemu nne kati ya tano za kimo hicho. Saa kumi jioni kimerefuka, kinakaribia kimo kimoja na robo tatu. Usipime kwenye ukingo unaoteremka. Mteremko wa kuelekea upande wa kivuli unakirefusha.

Mwelekeo ni rahisi zaidi. Simama Jambiani utazame bahari, yaani mashariki. Kushoto kwako ni kaskazini. Saa nne asubuhi ya Juni jua liko mbele yako upande wa kushoto, na kivuli cha anayekutazama kinakuja kwako kikiangukia kulia. Desemba, saa ile ile, jua liko mbele kulia na kivuli kinaangukia kushoto. Jioni vivuli vyote vinageuka na kukimbilia baharini, na sura ya mtu inamulikwa vizuri. Hapo utaona kwa nini yule bwana sura yake ni nyeusi: mpigaji alielekeza kamera baharini asubuhi. Hilo peke yake lingetosha kumnyamazisha aliyedai jioni.

Ikiwa tarehe inasema Juni na kivuli kinaangukia kushoto, usikimbilie kulaumu tarehe. Inawezekana picha imegeuzwa. Negativu ikiwekwa upande usio wake wakati wa kusafisha, kushoto kunakuwa kulia. Kamera za mbele za simu nazo nyingine zinahifadhi picha kama kioo. Tafuta maandishi: jina la chombo, jina la kanga, nembo ya fulana. Pasipo na maandishi angalia shati la kiume. Vifungo vyake vimeshonwa upande wa kulia wa anayelivaa.

Upepo

Kusi huvuma takriban Mei hadi Septemba, ukitokea kusini na kusini-mashariki. Kaskazi ni Desemba hadi Machi. Katikati yake kuna miezi ya upepo usiotulia, na mvua za masika na vuli. Ukiitazama bahari ya Jambiani, makuti ya minazi yakilalia kushoto ni kusi, yakilalia kulia ni kaskazi. Chombo kilichotia nanga huelekeza omo, yaani sehemu yake ya mbele, kwenye upepo, kwa hiyo hata pasipo mnazi unaweza kusoma, ila mkondo ukiwa mkali, hasa katikati ya maji kutoka au kuingia siku za bamvua, chombo kinaufuata mkondo na kukudanganya. Bendera na kanga zilizoanikwa hazina tatizo hilo.

Mwaka, na uongo wa faili

Mwezi mwandamo hurudi kila baada ya siku 29 na nusu, na miezi 12 ya namna hiyo ni pungufu ya mwaka kwa siku 11. Ndiyo maana tarehe moja ya kalenda mwaka huu ikiwa bamvua, mwakani yaweza kuwa maji mafu. Hapo ndipo mwaka unapopatikana. Tuseme waliosafiri wanakumbuka ni kati ya 2019 na 2021. Tarehe 10 Juni 2019 mwezi ulikuwa nusu, kwa hiyo tarehe 11 maji yalikuwa mafu, na saa nne asubuhi bahari ilikuwa karibu imejaa. Mwaka 2020 mwezi ulifika nusu yake tarehe 13 Juni. Tarehe 11 bamvua ilikuwa imeshapita. Mwaka 2021 mwezi mpya ulikuwa tarehe 10 Juni. Tarehe 11 ni bamvua, na kupwa kunaangukia kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Ni 2021.

Ukiwa na miaka mingi ya kuchagua njia hii inaacha majibu mawili matatu, na kila baada ya miaka 19 mwezi unarudia karibu tarehe zile zile. Hapo tumia vilivyojengwa na vilivyoanguka. Kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa hiyo safu za vijiti haziwezi kuwa za 1985. Mji Mkongwe, sehemu ya Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu) pamoja na mnara wake wa saa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Mnara ukionekana mzima, picha ni ya kabla ya hapo. Dar es Salaam kuna Daraja la Kigamboni la 2016 na Daraja la Tanzanite la 2022. Bandari mpya ya Lamu ilipokea meli ya kwanza Mei 2021.

Watu wengi wataanza na tarehe ya faili, na ndiyo ya kuaminiwa mwisho. Tarehe inayoonekana kwenye folda mara nyingi ni ya siku faili lilipohamishwa. Picha iliyopita WhatsApp hupoteza data zake za ndani, na zile tarakimu za jina kama IMG-20210613-WA0004 ni siku ilipotumwa au kupokewa. Faili la asili lina muda wa kupigwa, lakini huo ni muda wa saa ya kamera, na kamera haijui iko wapi. Mgeni aliyetoka Ujerumani bila kubadili saa atakuwa nyuma kwa saa 1 wakati wa majira yao ya joto, na kwa saa 2 wakati wa baridi. Kama faili lina data za GPS, tafuta muda wa GPS: unaandikwa kwa saa ya kimataifa ya UTC, ongeza 3 upate saa ya Afrika Mashariki. Huo ndio wa kushika.

Kurudi pale pale

Kazi hii yote ina faida yake unapotaka kupiga tena picha ile ile, miaka kadhaa baadaye, watu wale wale au watoto wao.

Anza na mahali. Chagua kwenye picha ya zamani vitu viwili visivyohama, kimoja cha karibu na kimoja cha mbali, vinavyopishana: pembe ya ukuta na mnara wa msikiti, au jabali na kisiwa. Usichague mnazi, utakuwa umerefuka au umekatwa. Tembea hadi vipishane vile vile. Ukisogea kushoto, cha karibu kitaonekana kuhamia kulia. Fanya hivyo kwa jozi ya pili iliyo upande mwingine wa picha, na pale jozi zote mbili zinapokaa sawa ndipo alipokuwa mpigaji. Kimo cha kamera kinasomwa kwenye upeo wa bahari: ardhi ikiwa tambarare, mstari wa upeo unamkata kila mtu kwenye kimo cha kamera. Ukimpita yule bwana kifuani, mpigaji alishika kamera usawa wa kifua, au alikuwa mtoto. Masuala ya lenzi yaache mwisho. Ukikata pembeni mwa picha unabadili ukubwa tu, mpangilio wa vitu haubadiliki.

Kisha siku. Mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Julai jua halihami zaidi ya nyuzi 2 hivi, kwa hiyo si lazima iwe tarehe 11 Juni. Bamvua yoyote ya kipindi hicho itatoa kivuli kile kile, na zipo tatu au nne. Machi na Septemba huna nafasi hiyo, maana jua linahama karibu nyuzi 3 kwa wiki. Ukipata jedwali la maji usitazame saa tu, tazama kimo cha kupwa. Ufukwe unaoteremka mita 1 kwa kila mita 300, tofauti ya sentimita 50 kati ya bamvua mbili ni mita 150 za mchanga. Ngalawa zilizokuwa pakavu zitakuwa zinaelea.

Fika pwani dakika 60 kabla ya kupwa. Vaa viatu, shokomzoba, wale viumbe wa baharini wenye miiba, hawachagui mgeni. Sura isiwe nyeusi tena: gusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu kisha ongeza mwanga, ukubali anga iungue kidogo, au washa flashi ukiwa umbali wa mita 2 hadi 3. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi lenzi itajaa ukungu. Iache ndani ya mfuko uliofungwa nusu saa izoee joto. Tone la maji ya chumvi kwenye lenzi usilifute kwa fulana, chumvi inakwaruza. Pulizia mchanga utoke kwanza, halafu tumia kitambaa laini kilicholoweshwa maji ya kunywa. Akina mama walioko mashambani waombe ruhusa kabla, na wakikataa geuza kamera.

Usikae nje kwenye mwamba baada ya saa ya kupwa. Maji hurudi polepole saa ya kwanza, halafu saa ya tatu na ya nne kila moja inabeba robo ya kina chote. Bamvua ya mita 4 ina maana ya mita nzima kwa saa moja, na mifereji ya nyuma yako, upande wa nchi kavu, ndiyo hujaa kwanza.

Picha ikishasafishwa, nyuma andika: Jambiani, 11/6/2021, saa nne asubuhi, bamvua, maji yamekupwa, kusi.